Mwili wa binti jukwaani: kutoka Malya hadi Tuseme

Kimya kilikuwa kirefu, testi zilitubana. Leo naomba tuongee kitu ambacho sisi wa ualimu tunakipita mbio: binti akiigiza, hisia anazitoa wapi?

Stanislavski, yule Mrusi, kuna wakati alimtaka mwigizaji achimbe kumbukumbu zake mwenyewe. Sawa. Ila hebu mwambie binti wa kidato cha pili kule Geita achimbe siku aliyoogopa kuliko zote, mbele ya darasa, na huenda aliyemtisha kakaa mstari wa mbele... Hapo sanaa hakuna, ni kumuumbua tu.

Kumbe huku kwetu Usukumani kuna njia nyingine, tena ya siku nyingi. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama (ndiye yule Penina Muhando wa Nguzo Mama), Amandina Lihamba na wenzao wa Mlimani walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, kwenye reli ukitoka Shinyanga kwenda Mwanza. Wenyeji ndio waliotaja matatizo yao, mimba za mabinti zikiwemo, yakaingizwa kwenye ngoma na maigizo. Mie naona ngoma inaupa mwili kazi kwanza, hisia inafuata yenyewe. Na anayelia pale ni mhusika, siyo binti wa fulani.

Mwaka 1996 Mlimani wakaanzisha Tuseme. Mabinti wa sekondari wanataja tatizo, wanalichambua, wanaliigiza, kisha wanalijadili na walimu. Baadaye Mlama akaongoza FAWE kule Nairobi, na Tuseme ikavuka mipaka.

Sasa fikiria binti wa Kisukuma aliyelelewa kupiga magoti akisalimu, macho chini. Leo kapewa kucheza mwalimu mkuu: kifua mbele, mikono nyuma, anamkazia mtu macho. Wengine wataita utovu wa adabu. Mimi nasema mwili wake umejaribu kitu ambacho haukuwahi kuruhusiwa.

Jukwaa lilikuwa na mpaka wake lakini. Binti aliyeigiza kisa cha mimba mwaka 1996 angeweza kufukuzwa shule kwa kisa hichohicho. Serikali ilimfungulia mlango wa kurudi darasani Novemba 2021, miaka 25 baadaye!

Waliopitia klabu za Tuseme kule Kahama, Geita na Shinyanga mjini, hebu semeni: nani alikuwa anapewa kucheza mwalimu mkuu?