Mitaji, Viwango na Masoko: Sera ya Biashara Ndogo Inavyowafikia Wananchi wa Kibondo na Kasulu

Na Mwandishi Wetu

Wilaya za Kibondo na Kasulu zipo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zikipakana na nchi ya Burundi upande wa magharibi. Wananchi wake hulima muhogo, maharage, mahindi na migomba, na katika misitu ya miombo hufuga nyuki. Biashara nyingi za eneo hili huzaliwa shambani: mashine ya kusaga unga wa muhogo, ghala dogo la maharage, kikundi cha kuchuja na kufungasha asali, karakana ya useremala iliyo kando ya soko.

Biashara hizi zina sera, sheria na mifuko inayozihusu. Hata hivyo, mwananchi anayetaka kuitumia mifumo hiyo hulazimika kupita katika ofisi kadhaa, kila moja ikiwa na masharti yake. Makala haya yanaeleza mifumo mikuu, namna inavyounganika, na sababu zinazoufanya urejeshaji wa mikopo ya halmashauri kuwa suala linalomgusa hata mwananchi ambaye hajawahi kukopa.

Nani ni mfanyabiashara mdogo

Msingi wa utaratibu wa sasa ni Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003. Sera hiyo hutumia vigezo viwili: idadi ya waajiriwa na thamani ya mtaji uliowekezwa katika mitambo. Biashara ndogo sana ni ile yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Biashara ndogo ina watu 5 hadi 49 na mtaji usiozidi shilingi milioni 200. Biashara ya kati ina watu 50 hadi 99 na mtaji usiozidi shilingi milioni 800.

Kwa vipimo hivyo, biashara nyingi za Kibondo na Kasulu zipo katika daraja la kwanza. Hali hiyo inalingana na taswira ya nchi nzima: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulibaini kuwepo kwa biashara ndogo sana, ndogo na za kati zaidi ya milioni 3, nyingi kati yake zikiendeshwa na mmiliki mwenyewe. Kwa hiyo kipimo halisi cha sera katika wilaya hizi ni kama mwenye mashine moja ya kusaga anaweza kufikia hatua ya kuajiri watu watano.

Mikopo ya asilimia 10 inatoka wapi

Chanzo cha mtaji kilicho karibu zaidi na mwananchi wa kijijini ni mkopo wa halmashauri. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 iliongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Kifungu hicho kinazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo utengaji wa fedha hizo ulikuwa ni agizo la kiserikali; tangu mwaka 2018 ni takwa la kisheria.

Jambo ambalo wakopaji wengi hawalitafakari ni chanzo cha fedha hizo. Hazitoki Hazina wala kwa mfadhili. Zinatokana na ushuru wa mazao, ushuru wa masoko, ada za leseni na malipo mengine yanayokusanywa ndani ya halmashauri husika. Mkulima wa maharage wa Kasulu na mwenye kibanda sokoni Kibondo ndio wanaoujaza mfuko ambao baadaye kikundi cha jirani zao kitakopeshwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Halmashauri ikikusanya mapato ya ndani yanayohusika ya shilingi bilioni 1, fedha za mikopo zitakuwa shilingi milioni 100: milioni 40 za wanawake, milioni 40 za vijana na milioni 20 za watu wenye ulemavu. Iwapo kila kikundi kitapewa shilingi milioni 10, watakaofikiwa kwa mwaka ni vikundi 10 tu, katika halmashauri yenye makumi ya vijiji. Mwaka unaofuata, fedha mpya zitatosha tena vikundi 10. Kama vile vya kwanza vimerejesha zote, vikundi 20 vitakopeshwa. Kama havikurejesha, mfuko unabaki palepale ulipoanzia.

Ndiyo sababu marejesho yana uzito mkubwa zaidi katika wilaya za vijijini kuliko katika majiji. Jiji lenye viwanda na majengo ya biashara linaweza kujaza pengo kwa makusanyo ya mwaka unaofuata. Halmashauri inayotegemea mazao haina wepesi huo. Mvua zikipungua au muhogo ukishambuliwa na batobato, mapato ya ndani hushuka na asilimia 10 yake hushuka pia.

Kusitishwa na kurejea kwa mikopo

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo. Hatua hiyo ilifuatia taarifa za ukaguzi za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilizoonesha kasoro katika halmashauri mbalimbali nchini, zikiwemo fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Kwa kikundi halali kilichokuwa kikisubiri zamu yake, kusitishwa huko kulimaanisha msimu kupita bila mtaji.

Utoaji ulirejea katika mwaka wa fedha 2024/2025 chini ya kanuni mpya za mwaka 2024. Halmashauri 10, ikiwemo Manispaa ya Kigoma Ujiji, ziliteuliwa kujaribu utaratibu wa kutoa mikopo kupitia benki. Halmashauri nyingine zilielekezwa kutumia mfumo ulioboreshwa unaosimamiwa na halmashauri zenyewe, wenye kamati za uhakiki kuanzia ngazi ya kata.

Kwa mwombaji, safari huanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kinatakiwa kuwa na katiba, usajili, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na andiko la mradi. Wakazi wa Kasulu wazingatie kuwa zipo halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Kikundi huomba katika ile ambamo shughuli zake zinafanyika.

Andiko la mradi ndipo vikundi vingi hukwama. Kosa la kawaida ni kupanga marejesho ya kila mwezi kwa biashara ambayo kipato chake ni cha msimu. Katika nyanda hizi mvua huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Mei, na fedha huingia baada ya mavuno. Kikundi cha kununua na kuhifadhi maharage kinachokopa wakati wa mavuno hakina budi kuonesha mapema kitauza lini, ili ratiba ya marejesho ifuate ghala na isifuate kalenda pekee.

Vyanzo vingine vya mitaji

Mtu mmoja mmoja asiye katika kikundi anaweza kuomba mkopo wa Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Wajasiriamali, ulioanzishwa mwaka 1994 na kusimamiwa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Zipo pia SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa vya kijamii.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivyo vya kijamii katika daraja la nne la watoa huduma na kuvitaka visajiliwe. Sheria hiyo pia inamtaka kila mkopeshaji binafsi awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mwananchi anayo haki ya kuuliza leseni kabla ya kusaini, kwani mikopo ya mitaani inayojulikana kwa jina la “kausha damu” imewaondoa watu wengi katika biashara badala ya kuwakuza.

Kutoka mfuko wa rambo hadi nembo ya ubora

Mtaji pekee hauifikishi asali ya Kibondo katika rafu ya duka la Mwanza au Dar es Salaam. Bidhaa ya chakula inayofungashwa inahitaji nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula.

SIDO, iliyoundwa kwa Sheria Na. 28 ya mwaka 1973, hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na humtambulisha mjasiriamali mdogo kwa TBS ili apate unafuu wa gharama za kuthibitishiwa ubora. Ofisi yake ya mkoa ipo Kigoma mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibondo. Kwa sababu hiyo ni vyema vikundi vikaomba mafunzo kwa pamoja kupitia Afisa Biashara wa halmashauri, ili mkufunzi mmoja awafuate wengi.

Ubora wenyewe huanza kabla ya maabara. Asali iliyovunwa kabla nyuki hawajaziba masega hubeba maji mengi na huchachuka. Muhogo uliokaushwa chini kwenye udongo hutoa unga wenye mchanga. Kasoro hizo hutibiwa kwa gharama ndogo: kuvuna kwa wakati, ndoo safi yenye mfuniko, chanja ya kukaushia.

Kuhusu kodi, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato ya biashara. Zaidi ya hapo hukadiriwa kwa viwango maalumu vya wafanyabiashara wadogo, na anayetunza kumbukumbu hupata nafuu kuliko asiyetunza. Daftari la mauzo lina faida ya pili: ndilo ushahidi anaoutaka mkopeshaji.

Barabara, umeme na ukubwa wa soko

Kwa miaka mingi gharama kubwa ya biashara katika wilaya hizi ilikuwa umbali. Ujenzi wa barabara ya lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa takribani kilomita 260 na kugharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unaiunganisha Kibondo na Kasulu na Nyakanazi upande mmoja na mpaka wa Burundi upande mwingine. Mwezi Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizima jenereta za umeme mkoani Kigoma baada ya mkoa kuanza kupata umeme wa Gridi ya Taifa. Mwenye mashine ya kusaga aliyetegemea dizeli sasa anaweza kupanga gharama zake kwa uhakika zaidi.

Swali linalobaki ni la mnunuzi. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu iliyopo Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta iliyopo Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015, ziliongeza mahitaji ya chakula na huduma. Lakini soko hilo ni la muda. Urejeaji wa hiari wa wakimbizi wa Burundi ulianza mwaka 2017, na kambi ya Mtendeli iliyopo Kakonko ilifungwa mwaka 2021. Biashara iliyojengwa juu ya kambi peke yake haina budi kutafuta wanunuzi wengine mapema.

Wapo wawili walio karibu. Wa kwanza ni Burundi, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi Dola za Marekani 2,000, huvuka mpaka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Masharti ya afya ya mimea na usalama wa chakula yanabaki palepale. Anayepita njia za panya hukosa cheti hicho, na mzigo wake ukikamatwa hana pa kudai.

Mnunuzi wa pili ni Serikali yenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hizo hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Madawati ya shule, chakula cha wanafunzi na sare ni bidhaa ambazo karakana na vikundi vya Kasulu na Kibondo vina uwezo wa kuzitoa, ilimradi viwe vimesajiliwa katika mfumo kabla zabuni haijatangazwa.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kukopa

Mpangilio wa hatua una umuhimu. Kikundi kinachotafuta kwanza mnunuzi, kisha kiwango cha ubora anachokitaka mnunuzi huyo, na mwisho mtaji wa kukifikia kiwango hicho, huomba fedha kikijua zitarudi kwa njia gani. Kinachoanza na mkopo mara nyingi hugundua masharti ya soko wakati siku za marejesho zimekwishafika.

Kwa upande wa halmashauri, wajibu ni kutenga asilimia 10 kwa ukamilifu, kutangaza fursa hadi ngazi ya kijiji na kuweka wazi vikundi vilivyokopeshwa na vilivyorejesha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa kwa ushuru wa gunia na ada ya kizimba. Kila shilingi inayorudi hukiwezesha kikundi kingine kilicho kwenye foleni, katika kata hiyohiyo au ya jirani.