Mlima Rwenzori na Kura za Bungeni

Askari anayepangiwa kazi Bwera, mpakani mwa Kongo, au Ibanda katika bonde la mto Mubuku (Ibanda ya Kasese, wala si ile ya Ankole), hupewa silaha, ramani na amri. Hapewi historia ya Bunge. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ulinzi wa milima ile imetokana na maamuzi ambayo wabunge waliyakwepa, kila mmoja akiwa na hesabu zake za chama na cheo.

Mnamo Machi 1962, wajumbe wa Wakonjo na Waamba walitoka katika Rukurato, yaani baraza la ufalme wa Toro. Walikuwa wamechoka kulipa kodi bila kupata sehemu yao ya shule na madaraka, na walidai wilaya yao wenyewe. Tarehe 30 Juni mwaka huo, mwalimu Isaya Mukirane alitangaza kwamba Rwenzururu imejitenga. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba, shauri hilo lilikuwa tayari linaingojea Serikali mpya.

Serikali hiyo ilikuwa na nguvu kiasi gani? Katika uchaguzi wa Aprili 1962, UPC ya Milton Obote ilipata viti 37, na DP viti 24. Viti 21 vya Buganda vilijazwa na Lukiiko, vyote vikaenda kwa Kabaka Yekka. Obote, basi, hakuweza kutawala bila watu wa Mengo. Mbunge wa UPC aliyethubutu kusema kwamba mipaka ya ufalme mmoja ichorwe upya angekuwa ametikisa falme zote, na pamoja nazo muungano uliompatia Waziri Mkuu wake kiti. Tume iliyoongozwa na Dakta Ssembeguya ilichunguza ghasia za Toro na kuikataa wilaya mpya. Mwaka 1963 ilitangazwa hali ya hatari, na polisi wakapanda mlimani, na baada yao jeshi.

Tofauti yaonekana mtu akitazama majimbo ya Buyaga na Bugangaizi, yaliyogombaniwa na Bunyoro na Buganda. Hayo yalipigiwa kura ya maoni tarehe 4 Novemba 1964, na wananchi wakachagua kurudi Bunyoro. Ni kweli kwamba Katiba iliagiza kura hiyo. Lakini ni kweli vilevile kwamba, kufikia wakati huo, wabunge wengi wa DP na wa Kabaka Yekka walikuwa wamehamia UPC, hata Obote akauvunja muungano na Mengo mwezi Agosti bila hofu ya kuanguka. Wakonjo hawakuwa na kifungu cha Katiba, wala idadi ya viti vya kumtia mtu wasiwasi.

Uhamaji huo ulifikia kilele mwishoni mwa Desemba 1964. Basil Bataringaya, Kiongozi wa Upinzani, aliyepaswa kuiuliza Serikali maswali magumu kuliko mbunge mwingine yeyote, alikiacha chama chake na kwenda kukaa upande wa Serikali pamoja na wenzake kadhaa. Baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, mkuu wa kisiasa wa polisi. Huenda aliamini kwamba mtu hutumikia nchi vizuri zaidi akiwa ndani. Wapiga kura wa DP hawakuulizwa. Leo Ibara ya 83 ya Katiba ya 1995 humnyang'anya kiti mbunge anayekihama chama alichokisimamia; katika miaka ile hapakuwa na kizuizi cha namna hiyo.

Haikufaa kudhani kwamba chama kilichonenepa hivyo kilikuwa kimoja. Tarehe 4 Februari 1966, Daudi Ochieng alitoa hoja ya kumsimamisha kazi Kanali Idi Amin ili achunguzwe kuhusu dhahabu ya Kongo. Obote alikuwa ziarani kaskazini. Wabunge wa UPC, na mawaziri miongoni mwao, waliiunga mkono hoja hiyo; John Kakonge peke yake ndiye aliyepinga. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri. Tarehe 15 Aprili, askari wakiwa wamelizunguka jengo, Bunge lile lile lilipitisha Katiba mpya ambayo wabunge walikuwa hawajaisoma, kwa kura 55 dhidi ya 4. Watu waliokuwa mashujaa mwezi Februari walinyamaza mwezi Aprili. Askari hutii amri kwa kuwa ameapa kutii. Mbunge aliapa jambo jingine.

Wilaya waliyoidai Wakonjo ilikuja mwaka 1974 kwa agizo la Amin, wakati ambapo hapakuwa na Bunge lolote.

Uchaguzi wa Desemba 1980 uliwainua watu wawili wa Kasese. Dakta Crispus Kiyonga alikipatia chama cha UPM kiti chake pekee nchini. Hakudumu nacho, alijiunga na harakati za Yoweri Museveni, na miaka mingi baadaye, kuanzia 2006 hadi 2016, akaongoza Wizara ya Ulinzi. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bukonzo Magharibi walimnyima kiti.

Wa pili, Amon Bazira wa UPC, alikuwa naibu waziri. Yeye alikitumia cheo chake katika chama kwa kazi ambayo Bunge la 1962 liliiogopa: alisaidia kuwapatanisha Serikali na Charles Mumbere, mwana wa Mukirane, hata wapiganaji wa Rwenzururu wakaweka silaha chini Agosti 1982. Lakini UPC ilipoangushwa, Bazira hakuvumilia kukaa nje. Mwaka 1988 aliunda kundi la NALU, akapigana na Serikali mpya, na mwaka 1993 akauawa nchini Kenya. Mabaki ya kundi lake yaliungana na ADF katika Kongo. Tarehe 13 Novemba 1996 ADF walivuka mpaka wakaushambulia mji wa Mpondwe, jirani na Bwera, na jeshi likaingia vitani tena katika milima ile ile.