Presha ya oili katika injini kongwe

Presha ya oili ni kani inayosukuma oili ya injini kutoka kwenye sampu hadi kwenye beringi, shafti na tapeti. Upungufu wake ni ugonjwa wa kawaida wa magari ya zamani, na injini nyingi huharibika kabisa kwa sababu dalili zake zilisomwa vibaya. Pampu haitoi presha. Kazi yake ni kuifanya oili itiririke. Presha huzaliwa pale oili inapobanwa ipite katika upenyo mwembamba baina ya krenki na beringi, upenyo usiozidi unene wa unywele. Upenyo huo ukipanuka kwa kuchakaa, oili hupita bila kizuizi na geji hushuka, hata pampu ikiwa mpya kutoka dukani.

Marekani tatizo hili limezungumzwa zaidi kuhusu injini za V8 za miaka ya 1960, za magari kama Pontiac GTO ya 1964. Kwa mtu wa Chara au Garsen, katika delta ya Tana, gari kongwe ni Land Rover Series III ya kati ya 1971 na 1985, au Pijo 504, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ambayo pikapu zake ziliunganishwa Mombasa. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 inatakiwa kuonyesha pauni 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba injini ikiwa na joto na gari likienda kama kilomita 50 kwa saa. Mafundi wa V8 hutumia kanuni ya pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Hicho ni kiwango cha chini cha kujiokoa, wala si afya njema.

Kabla ya kuilaumu injini, ishukiwe geji. Swichi ya oili na waya wake huzeeka kama sehemu nyingine yoyote, na taa ya dashibodi haisemi mengi: huwaka presha ikishaanguka hadi pauni chache tu. Fundi mwenye busara huchomoa swichi, hufunga geji ya mkono kwenye tundu lile lile, kisha husoma mara mbili, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Inashangaza ni injini ngapi hufunguliwa kabla ya kazi hii ya dakika kumi kufanywa.

Baada ya hapo huchunguzwa oili yenyewe. Kijiti cha kupimia kikionyesha kiwango kimepanda bila mtu kuongeza kitu, kinuswe. Katika injini zenye pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa bloku, kiwambo cha mpira kikichanika petroli huvujia kwenye sampu na oili huwa nyepesi kama maji. Oili nyeupe iliyofanana na chai ya maziwa ina maji ndani yake. Kwa 504 jambo hili lina sababu ya kimaumbile: silinda zake ni slivu za kuchomoa zinazozungukwa na maji moja kwa moja, na sili za chini zikichoka maji hushuka kwenye oili. Katika delta ya Tana kuna njia nyingine ya maji kuingia. Mto ukifurika, kama ulivyofanya wakati wa El Niño ya 1997 na mvua za 2023, gari linalovuka maji marefu linaweza kuyapokea kupitia tundu la kupumulia injini au la kijiti. Gari lililozama lisiwashwe kabla oili haijamwagwa, hata kama mwenyewe ana haraka ya kufika Malindi.

Tabia ya geji hueleza mengine. Presha nzuri asubuhi inayoporomoka injini ikipata joto huashiria beringi zilizolika, au oili nyepesi kuliko inavyotakiwa. Joto la Garsen huidhihirisha kasoro hiyo upesi. Presha iliyo chini tangu injini ikiwa baridi huelekeza kwenye pampu, au kwenye valvu ya kupunguzia presha iliyokwamishwa wazi na chembe ya uchafu. Ikipanda vizuri kisha ikaanguka injini inapokimbizwa, strena ndani ya sampu imezibwa na masizi. Ikiyumba kwenye kona au breki, oili ni kidogo.

Kutia oili nzito zaidi ili sindano ya geji ipande ni tiba maarufu, nayo haitibu. Oili nzito huchelewa kufika juu injini inapowashwa, na beringi huumia zaidi.

Beringi zenyewe husikika. Mlio mzito wa kugonga unaoongezeka gari likivuta mzigo ni wa beringi kuu. Mlio mwepesi wa kugonga, wa haraka, unaotokea mguu ukiondolewa kwenye mafuta ni wa konrodi. Kwa injini ya petroli fundi huchomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, na silinda ambayo mlio wake hupungua ndiyo yenye ugonjwa. Filta ya zamani ikipasuliwa, vumbi la rangi ya shaba humaanisha beringi zimelika hadi tabaka la ndani, na sumaku haitalikamata vumbi hilo.

Hapo sampu hushushwa na krenki hupimwa. Ikiwa na mikwaruzo au imekuwa yai, husagwa na kufungwa beringi nene zaidi: kumi, ishirini au thelathini, yaani sehemu za elfu za inchi. Asiyepima, akanunua beringi za kawaida kwa krenki iliyokwisha kusagwa atapata injini mpya yenye presha ile ile ya zamani.