Kibaba cha Msafara na Posho ya Bunge

Katika zama ambazo pembe za ndovu zilishuka kutoka Ujiji na Unyanyembe hadi Bagamoyo mabegani mwa watu, palikuwa na kipimo ambacho kila mpagazi alikijua kwa mkono wake na kwa tumbo lake, nacho ni kibaba kimoja cha nafaka kwa siku moja. Na pale ambapo nafaka haikupatikana, alipewa kitambaa cha merikani au ushanga akajinunulie chakula kijijini. Kipimo hicho kiliitwa posho. Hakikuwa ujira, kwa kuwa ujira ulikuwa na mapatano yake mbali. Wala hakikuwa hisani ya tajiri, kwa kuwa tajiri aliyeizuia posho asubuhi aliweza kuikuta mizigo yake jioni imelala njiani na wapagazi wamekwenda zao. Ilikuwa haki ya tumbo la mtu aliyejitwika yapata frasila mbili, akapanda nazo milima na kuvuka nazo mito, naye kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara hakuona haya kuidai kwa niaba ya wenziwe.

Neno hilo lilisafiri mbali. Katika vita kuu ya kwanza liliwafuata wachukuzi wa majeshi. Baada ya vita likaingia katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako manamba, yaani kibarua wa mkataba, alipimiwa unga wake huku siku zake zikihesabiwa katika kipande chake cha kazi. Na Uganda likawa jina la ugali wenyewe. Kote huko halikuachana na maana yake ya asili, yaani chakula cha mtu aliye kazini. Baadaye likapanda ngazi za ofisi likapata majina mapya, posho ya safari, posho ya madaraka, posho ya kikao, na kwa jina hilo la mwisho likaketi Bungeni. Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu mzozo uliozuka Dodoma mwaka 2011 baina ya upinzani na Serikali, ambao wengi waliuona kuwa ni ugomvi wa fedha, naamini ulikuwa kwa hakika mzozo juu ya maana ya neno hili: je, kuketi ni mzigo?

Swali lenyewe ni kongwe kuliko vyama vilivyoliuliza. Miaka michache tu baada ya uhuru wananchi walikuwa wamekwisha kuwabandika wakubwa wapya majina, wakiwaita naizesheni wale waliorithi viti vya Wazungu pamoja na marupurupu yake, na Wabenzi wale waliojulikana kwa magari yao kabla ya kujulikana kwa kazi zao. Bunge la wakati huo lilikuwa la chama kimoja, na upinzani haukuwa na kiti cha kukalia. Kwa hiyo sauti ya lawama ilitoka mahali pasipotazamiwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine wakiwa wamevaa majoho yao, waliandamana hadi Ikulu kulalamikia masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara katika miezi ya utumishi wao, nao wakahoji kwa nini wajifunge mkanda wao peke yao ilhali viongozi wanaishi kwa anasa. Rais Nyerere alighadhibika, na zaidi ya wanafunzi 300 wakarudishwa makwao; lakini katika ghadhabu ile ile aliikubali hoja yao, akatangaza kwamba mshahara wake mwenyewe, ambao ulikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, unapunguzwa kwa asilimia 20. Sijui kisa kingine katika historia yetu ambacho ndani yake mlalamikaji aliadhibiwa na malalamiko yake yakapokewa katika siku moja, na kila nikikitafakari naona kwamba adhabu imesahauliwa mapema mno, na kwamba vijana wale walistahiki shukurani ambayo hawakuipata.

Haikupita miezi minne, na mnamo Februari 1967 Azimio la Arusha likatolewa, likamkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali, mbunge akiwamo, kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Wapo waliolitii kwa moyo na wapo waliolizunguka kwa hila. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 24 palikuwa na mizani ya hadhara ambayo mwananchi aliweza kumpimia mkubwa wake. Mizani hiyo ilishushwa na Chama cha Mapinduzi chenyewe, mrithi wa TANU, huko Zanzibar mwaka 1991, na mwaka uliofuata sheria ikaruhusu vyama vingi. Mambo mawili haya yalifuatana kwa karibu, nayo hayana budi kusomwa pamoja: masharti ya uongozi yalipotoka mlangoni, upinzani ndio uliokuwa ukibisha hodi, na kazi ya kumhoji mkubwa juu ya mapato yake, ambayo zamani ilikuwa ya chama tawala juu ya nafsi yake, ikawaangukia wageni hao.

Katika miaka iliyofuata, Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa Karatu, alithubutu kuyataja hadharani mapato ya wabunge, na hali yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwao, na baadhi ya wenziwe walimwona kuwa amevunja staha. Baada ya uchaguzi wa 2010 kambi ya upinzani iliyoongozwa na Freeman Mbowe iliingia Bungeni ikiwa na nguvu zaidi, na katika mjadala wa bajeti wa Juni 2011 ikapendekeza posho za vikao zifutwe, kwa hoja nyepesi kueleweka kwamba kuhudhuria kikao ndiyo kazi yenyewe ambayo mbunge hulipwa mshahara kwa ajili yake. Zitto Kabwe, waziri kivuli wa fedha, alikwenda hatua moja mbele akaikataa posho yake mwenyewe. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alizitetea. Mwishoni mwa mwaka ule ule, Spika Anne Makinda alikiri kwamba posho ya kikao imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, akitaja ugumu wa maisha Dodoma. Ukiongeza 80,000 za kujikimu na 50,000 za usafiri, mbunge alipata 330,000 kwa siku moja, wakati ambapo kima cha chini cha mshahara wa Serikali kwa mwezi mzima kilikuwa hakijafika 200,000.

Insafu inanilazimisha kuitaja hoja ya watetezi, maana haikuwa hoja ya uroho mtupu. Walisema kwamba mbunge anapofika jimboni hukuta mlangoni pake mjane anayetafuta sanda, mzazi aliyekosa ada, na wazee wa msikiti na wa kanisa waliokuja na daftari la mchango, na kwamba posho haifiki kwa mkewe kabla ya kupita kwa hao wote. Ni kweli, na kila aliyewahi kukaa barazani kwa mbunge ameyaona. Lakini fedha iliyotoka katika hazina ya umma, ikapita mfukoni mwa mtu mmoja, ikamfikia mjane kama sadaka ya mtu huyo, imebadilika asili yake njiani: haki yake imekuwa fadhila, naye sasa anadaiwa kura. Kwa hiyo, kadiri hoja hiyo ilivyokuwa ya kweli, ndivyo ilivyozidi kuifunua dhara ya jambo lililotetewa.

Posho haikufutwa. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lililipa wajumbe wake 300,000 kwa siku, na baadhi yao walilalamika kwamba hazitoshi. Rais Magufuli alipoingia madarakani mwishoni mwa 2015 alifanya mengi ambayo wapinzani walikuwa wakiyadai kwa miaka: alizuia safari za nje, akaifuta sherehe ya uhuru ya mwaka ule, na fedha zilizochangwa kwa hafla ya wabunge akaamuru sehemu yake kubwa inunue vitanda vya hospitali ya Muhimbili. Kisha tarehe 27 Januari 2016, waziri mwenye dhamana ya habari, Nape Nnauye, alisimama Bungeni akaeleza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja, kwa sababu kazi hiyo inagharimu yapata shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wapinzani walipiga kelele wakataka jambo hilo lijadiliwe. Jioni askari waliingia ukumbini wakawatoa. Tangu hapo mtu wa Tabora, ambaye mababu zake walitembea hadi Bagamoyo kwa kibaba kimoja kwa siku, alipewa muhtasari wa usiku uliochaguliwa na wengine, na posho za waliokuwa wakizungumza zikaendelea kulipwa.