Usukani unaotetema: Kiini cha maradhi ya ekseli ya mbele katika magari ya zamani

MTETEMEKO wa usukani ni ugonjwa wa kale wa magari yenye ekseli nzima ya mbele. Gari huwa linakwenda vizuri, kisha linapofika mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa na gurudumu moja kugonga shimo dogo au ukingo wa daraja, usukani huanza kurukaruka kushoto na kulia kwa nguvu kiasi kwamba dereva hawezi kuuzuia. Aghalabu mtetemeko huo hautulii wenyewe. Hukoma pale tu gari linapopunguza mwendo, pengine hadi likaribie kusimama.

Suala hili si geni kwa wakazi wa Wema na vijiji vingine vya bonde la chini la Mto Tana, katika jimbo la Garsen, ambako Land Rover na Toyota Land Cruiser za miundo ya zamani hupimwa kwa njia zisizo na huruma. Udongo wa bonde hilo ni mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wengi huuita udongo wa pamba. Wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama tofali. Mvua inaponyesha, au mto unapofurika kama ilivyokuwa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998 na tena mwishoni mwa 2023, hugeuka ulimbo unaonasa kila kitu.

Lakini ajabu ni kwamba si matope yanayofichua ugonjwa huu, bali ni lami. Gari linalotambaa kwa kilomita 25 kwa saa katika njia ya udongo linaweza kuishi miaka mingi na viungo vilivyolegea bila dereva kung'amua lolote. Barabara ya kutoka Garsen hadi Lamu kupitia Witu iliwekewa lami baada ya 2017. Gari lile lile linapopanda kwenye lami laini na dereva kukanyaga mafuta, mtetemeko hujitokeza, nalo huwa limejaa abiria na mizigo.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliwekea magari ya abiria kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo hakimlindi abiria dhidi ya ugonjwa huu, kwa kuwa huanza kabla ya kikomo hicho kufikiwa.

Muundo wa ekseli nzima

Ekseli nzima ni mhimili mmoja wa chuma unaotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Huketi juu ya springi za mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, au chini ya springi hizo, kutegemea muundo. Katika kila ncha ya mhimili kuna kifundo kinachozunguka juu ya pini mbili, ya juu na ya chini, na hicho ndicho kinachowezesha gurudumu kugeuka. Fimbo ndefu, ambayo mafundi huiita tairodi, huunganisha vifundo viwili ili magurudumu yageuke pamoja.

Pini hizo hazisimami wima kabisa. Ncha ya juu huinamia nyuma kidogo, na mwinamo huo huitwa kasta. Anayetaka kuuelewa na aitazame baiskeli: uma wa mbele umelala nyuma, na kwa sababu hiyo mwendeshaji hodari anaweza kuachilia mikono na baiskeli ikaendelea kwenda moja kwa moja. Katika Land Rover za springi za mapande, mwinamo uliowekwa kiwandani ni nyuzi 3. Ukipungua, magurudumu hukosa hamu ya kurudi katikati baada ya kona. Ukizidi mno, usukani huwa mzito na mtetemeko huchochewa zaidi.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mnamo Aprili 1948, na gari hilo liliendelea kuwa na springi za mapande hadi lilipoanza kutolewa likiwa na springi za koili mwaka 1983. Toyota iliendelea nazo kwa muda mrefu zaidi. Pickup za Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilibaki na springi za mapande mbele hadi 1999. Kutokana na kanuni ya Kenya inayozuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, mengi ya magari ya muundo huo yaliyosalia ni yale yale yanayotengenezwa na kutengenezwa tena, mara nyingi kwa spea zisizolingana.

Binamu wa Marekani

Ugonjwa huu una ndugu mahali pasipotarajiwa. Huko Marekani, tangu miaka ya 1950, vijana walizoea kushindanisha magari mawili mawili katika mstari ulionyooka wa robo maili, yaani takriban mita 402. Mbio hizo za dragi zilipata chama chao, NHRA, mwaka 1951 chini ya Wally Parks. Kundi moja la magari hayo, ambalo mashabiki wa magari ya kale wangali wanalienzi, ni lile lililoitwa gasa. Yalikuwa magari ya kawaida ya mtaani, kama vile Willys za miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940, yaliyotiwa injini kubwa.

Waliyoyaunda waliyainua mbele, na wengi waling'oa mfumo wa awali na kufunga ekseli nzima yenye springi za mapande, mithili ya lori. Nia ilikuwa kuhamishia uzito kwenye magurudumu ya nyuma wakati wa kung'oa nanga. Matokeo yake ni gari linaloinua pua linapoondoka, kisha magurudumu ya mbele yanatua chini yakiwa yamepinda kidogo, na gari likaruka kando. Fimbo inayotoka kwenye boksi ya usukani nayo huwa imeinama sana kwa sababu gari limeinuliwa. Springi zikibonyea, fimbo huvuta au kusukuma magurudumu ilhali dereva hajagusa chochote. Kwa mwenye Land Cruiser aliyeongeza pande mbili za springi ili abebe magunia zaidi ya mpunga au maembe, hesabu ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wa Marekani ana mita 402 tu za kuhofia.

Jinsi mtetemeko unavyozaliwa

Mtetemeko huhitaji vitu viwili: kichochezi na ulegevu. Kichochezi ni gurudumu lisilo na mizani, tairi lililovimba, rimu iliyopinda au shimo barabarani. Ulegevu ni nafasi ndogo ndani ya viungo, pengine isiyozidi unene wa ukucha, inayoliruhusu gurudumu kucheza. Kichochezi peke yake huleta mtikisiko mdogo ambao dereva huuzoea. Vikikutana vyote viwili, kila mzunguko wa gurudumu huusukuma mwingine, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati unaofaa, hadi mfumo mzima unapiga.

Hapa udongo wa Tana una hila yake. Tope la mfinyanzi hujisindika upande wa ndani wa rimu, mahali pasipoonekana, na linapokauka huganda kama saruji. Nusu kilo ya udongo upande mmoja wa gurudumu inatosha kuvuruga mizani. Kabla mwenye gari hajanunua spea yoyote, busara ni kulala chini ya gari na kukwangua rimu zote kwa ndani. Si mara chache ambapo kazi hiyo ya dakika ishirini imemaliza malalamiko ya mwezi mzima.

Ulegevu, kwa upande mwingine, hukaa zaidi kwenye pini za kifundo. Katika Land Rover za mfululizo wa pili na wa tatu, pini ya chini huzungukia beringi, ilhali ya juu huzungukia bushi ngumu ambayo kazi yake, mbali na kuishika pini, ni kuleta msuguano. Msuguano huo ndio breki ya mtetemeko. Bushi ikilika, breki imeondoka, hata kama gurudumu halionekani kucheza sana. Marekebisho hufanywa kwa kupunguza shimu nyembamba zilizo chini ya pini ya juu, kisha kupima kwa mizani ya springi uzito unaohitajika kukigeuza kifundo kikiwa kimefunguliwa kutoka kwenye tairodi. Fundi anayekisia kwa mkono anabahatisha. Katika Land Cruiser kuna beringi juu na chini, nazo pia hukazwa kwa shimu.

Adui mkubwa wa pini hizi ni maji. Kifundo cha Land Rover huhifadhi oili, na cha Land Cruiser grisi, nyuma ya sili inayofuta tufe la chuma. Tufe likipata kutu, hukwaruza sili, na gari linapovuka maji ya mafuriko, maji huingia ndani. Dalili ni oili iliyogeuka rangi ya maziwa au grisi iliyolainika kama uji. Gari lililovuka maji yaliyofikia kitovu cha gurudumu linafaa kufunguliwa kizibo cha kifundo na kukaguliwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Beringi iliyokaa wiki mbili katika maji haiponi kwa kutiwa grisi mpya.

Shakeli nazo zisisahauliwe. Wako wanaofunga shakeli ndefu ili gari lipande juu. Springi hushikwa ncha moja kwa pini isiyosogea na nyingine kwa shakeli; ukirefusha ncha ya shakeli pekee, ekseli huzunguka kidogo na kasta huweza kupotea. Kabari za chuma kati ya springi na ekseli huweza kuirejesha, ila zikiwekwa kinyume huongeza madhara, na U-bolti lazima zikazwe upya baada ya safari ya kwanza.

Uchunguzi

Uchunguzi mzuri hauhitaji mashine. Gari liwe kwenye tambarare na magurudumu yote chini. Mtu mmoja aketi na kuuchezesha usukani kidogo kushoto na kulia, huku mwingine akiweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine, kuanzia boksi ya usukani hadi tairodi. Kiungo kizima husogea pande zote mbili kwa pamoja. Kilicholika husogea upande mmoja kabla ya mwingine, na kiganja huhisi hata pale jicho linaposhindwa.

Kisha gurudumu liinuliwe kwa jeki na gari liwekwe juu ya stendi imara. Lishikwe juu na chini na litikiswe. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Mchezo ukitoweka, kosa ni la beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni la pini za kifundo. Jaribio hili dogo huokoa fedha nyingi, kwa sababu beringi za gurudumu hubadilishwa kila mara bila hatia.

Land Rover za miundo hiyo zina kifaa kingine ndani ya boriti ya mbele ya fremu, kinachopokea mwendo kutoka kwenye boksi ya usukani na kuupeleka kwenye magurudumu. Huwa na oili yake, na kikikauka usukani huwa mgumu. Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Asiyekijua asikifungue, kwani springi hiyo ikiruka inaweza kumjeruhi mtu vibaya.

Tiba za uongo

Tiba inayouzwa sana ni shokomzoba ya usukani, inayofungwa kwa mlalo kwenye tairodi. Kifaa hicho hakina ubaya kikifungwa kwenye gari zima. Kwenye gari lililolegea, huuficha mtetemeko kwa miezi kadhaa huku viungo vikiendelea kulika, na kinapochoka dereva hupokea ugonjwa wote kwa mpigo. Tiba mbaya zaidi ni kukaza skrubu ya boksi ya usukani kupita kiasi. Usukani huonekana kuwa imara ukiwa katikati, kisha hukwama dereva anapokata kona.

Magari yaliyojijengea sifa katika Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953, yalikuwa ya aina nyingine. Peugeot 404, iliyompa ushindi Bert Shankland wa Tanzania mwaka 1966 na 1967, na Peugeot 504 ya Ove Andersson mwaka 1975, hazikuwa na ekseli nzima mbele. Kila gurudumu lilijitegemea. Magari hayo hayana pini za kifundo za kulika kwa mtindo huu. Udhaifu wake ni viungo vya tufe, vishikio vya juu vya shokomzoba na bushi za reki ya usukani. Fundi aliyejifunzia Peugeot hana budi kujifunza upya anapokabidhiwa Land Rover.

Kisheria, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zote zidumishwe katika hali isiyohatarisha watu. Mtetemeko unapomshika dereva barabarani, asikanyage breki kwa ghafla wala asipambane na usukani kwa kuuvuta upande mmoja. Aushike imara kwa mikono yote miwili, vidole gumba vikiwa nje ya mikono ya usukani, aachilie mafuta na kupunguza mwendo taratibu hadi utulie.

Matengenezo nayo yana mpangilio: rimu na tairi kwanza, kisha beringi za gurudumu, pini za kifundo, viungo vya tairodi, bushi za springi, na boksi ya usukani mwisho. Mwelekeo wa magurudumu hupimwa baada ya hayo yote, si kabla. Katika Land Rover za springi za mapande, umbali kati ya magurudumu kwa mbele hupaswa kuwa pungufu ya ule wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, kipimo ambacho fundi makini anaweza kukipata kwa fito mbili zilizonyooka, utepe na subira.