Saa ya Ng'ombe: Habari ya Uhimilishaji katika Nyanda za Juu Kusini

Waandishi wa historia yetu wamesema mengi juu ya vita, dola na misafara ya pembe, lakini zizi la ng'ombe hawakulitazama sana. Hali zizini ndimo mlimobishaniwa swali kubwa la karne ya ishirini, nani apate mbegu bora, na nani aaminiwe kuwa anajua kuitumia.

Elimu yenyewe ni ya zamani. Mnamo 1780 Mtaliana Lazzaro Spallanzani alimpa mimba mbwa jike pasipo dume. Zaidi ya karne moja ilipita ndipo Mrusi Ilya Ivanov alipoifanya kuwa kazi ya mashamba, na mwaka 1936 wafugaji wa kisiwa cha Samsø, Denmark, wakaunda ushirika wa kwanza wa kazi hiyo. Afrika ya Mashariki haikuchelewa. Kituo cha Kabete, karibu na Nairobi, kilianzishwa 1946, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa maradhi ya uzazi ambayo fahali mmoja huyasambaza kundini. Walakini neema hiyo ilikuwa ya masetla kwanza. Ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo mlango ulipoanza kuwafungukia wafugaji Waafrika. Tanganyika njia ilikuwa nyingine: huko Mpwapwa wataalamu walichanganya damu ya ng'ombe wa kienyeji na ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, na wengineo, hata ikapatikana aina iitwayo Mpwapwa.

Neno letu uhimilishaji lapendeza, kwani halimtaji fahali wala mrija. Latokana na himila, yaani mimba. Ng'ombe ndiye mwenye habari, na sisi tunamhimilisha tu. Laiti wataalamu wangalilisikiliza neno lao wenyewe!

Maana waliyoyashughulikia zaidi ni mambo ya mbegu. Mwaka 1949, London, Polge, Smith na Parkes waligundua kwamba gliserini huzilinda mbegu zisife katika baridi kali, na waligundua kwa bahati, kwa kuwa chupa waliyodhani ina sukari ya matunda ilikuwa na gliserini. Tangu hapo fahali aliyekwisha kufa aliweza kuzaa. Siku hizi mbegu hukaa katika nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Nayo nitrojeni huyeyuka kuwa hewa kila siku, hata mtungi usipoguswa. Tanzania kituo cha taifa kiko Usa River, Arusha. Nyololo, katika Wilaya ya Mufindi, iko zaidi ya kilomita 600 kutoka huko. Imekaa kandokando ya barabara kuu, baina ya Mafinga na Makambako, na kwa hiyo ina nafuu. Lakini barabara kuu haifiki mlangoni mwa kila banda.

Hata mtungi ukifika umejaa, bado kuna saa. Joto la ng'ombe wa Kizungu huchukua kama saa 12 hadi 18. La zebu ni fupi zaidi, na aghalabu huja usiku. Kule Nebraska, katika miaka ya 1940, Trimberger alionyesha kuwa anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni yake, na wa jioni asubuhi ya pili. Kanuni njema, ila ilitoka kwenye makundi, ambamo ng'ombe mwenye joto hujulikana kwa kusimama apandwe na wenzake. Mtamba aliye peke yake bandani apandwe na nani? Imebaki mlio wake, kukataa majani, na ute mwembamba unaoning'inia. Na mwenye kuviona ni mama anayemkatia majani, au mtoto wake, wala si daktari. Elimu hiyo haikuandikiwa tasnifu, nami naiona ndiyo nusu ya kazi nzima.

Akikosa saa hiyo, hungoja siku 21. Akiipata, hungoja miezi tisa. Ndama akiwa jike, ni miaka miwili na zaidi kabla naye hajazaa na kutoa maziwa. Akiwa dume, hesabu huanza upya, na ada ya mhimilishaji imekwisha kulipwa.