Historia: Jeep na milima ya Bukavu, tangu Willys hadi RAV4

Mjini Bukavu, gari lolote lililoinuka juu ya ardhi huitwa jeep. Land Cruiser ni jeep, Prado ni jeep, RAV4 nayo ni jeep. Mafundi wengine hucheka wakisikia hivyo, kwa sababu Jeep ni jina la kampuni, lakini wakaaji hawajakosea sana. Neno lilitangulia magari hayo yote, na kwao lina maana moja: gari lenye kupanda.

Jeep ya kwanza ilitengenezwa nchini Marekani kwa ajili ya jeshi. Ile ya Willys ya mwaka 1941 ilikuwa na moteri ya lita 2.2 na nguvu za farasi 60. Ni kidogo. Toyota Corolla ya teksi inayopita leo Nyawera ina zaidi ya hizo. Lakini Willys ilikuwa na uzito wa karibu tani moja tu, tairi zake zote nne zilivuta, na vitesi vyake vya chini viliweza kuisukuma polepole pale ambapo gari jingine lingebaki kuzungusha tairi. Baada ya vita jeep hizo zilitawanyika duniani, na wengine wakaiga. Mwaka 1948 Waingereza walitoa Land Rover, yenye farasi 50. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari lake la kwanza la aina hiyo, na ili kuonyesha uwezo wake ililipandisha kwenye mlima Fuji nchini Japani hadi kituo cha sita. Kuanzia mwaka 1954 gari hilo likaitwa Land Cruiser. Ona jinsi Toyota ilivyochagua kujitangaza: haikwenda kwenye uwanja wa mbio, ilikwenda mlimani.

Bukavu, ambayo wakoloni Wabelgiji waliita Costermansville, ni mji wa namna hiyo. Maji ya Ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 juu ya bahari, na mji wenyewe unaanzia hapo kwenda juu. Rasi zake zinaingia ziwani, na nyuma yake nyumba za Kadutu zimepanda kilima moja juu ya nyingine. Barabara iliyo sawa kwa mita mia tano ni bahati. Kuna pia jambo ambalo halionekani kwa macho. Hewa ya juu ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo farasi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari si zile zinazofika Bukavu. Kwa kila farasi 100, karibu 15 zinabaki njiani. Shofere anayetoka Dar es Salaam na gari jipya hudhani limeharibika. Halijaharibika, linakosa hewa.

Miaka mingi mtu wa kawaida hakuwa na sababu ya kujua hayo, kwa sababu jeep haikuwa yake. Ilikuwa ya mkoloni, ya padri, ya serikali, ya askari. Mwezi wa nane mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji na kuushikilia hadi mwezi wa kumi na moja, walipovuka kwenda Rwanda na kuacha nyuma yao nyumba zilizobomoka. Kwa wazee walioona siku zile, sauti ya jeep ikipanda kilima haikuwa sauti ya safari. Ilikuwa habari: nani anakuja, na anatokea upande gani.

Wakati wa Zaire, Land Rover za misheni na za serikali ndizo zilizojulikana zaidi. Kisha mwaka 1973 ikaja zairianisation, biashara za wageni zikachukuliwa, na vipuri vikawa haba. Barabara nazo zikaachwa. Hapo ndipo maana ya nguvu ya gari ilipobadilika kwa muda mrefu. Kwenye barabara ya Mwenga na Kamituga wakati wa mvua, farasi 60 au 200 ni mamoja kama tairi hazipati mahali pa kushika. Gari lililoheshimiwa ni lile lililotoka kwenye matope, na ambalo fundi wa kijijini angeweza kulifungua kwa funguo tatu.

Mwezi wa saba mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Kivu. Mashirika ya misaada yakafuata, na pamoja nayo Land Cruiser nyeupe. Ile ndefu ya nyuma, yenye viti vya kutazamana, ni ya familia iitwayo 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Nyingi zilibeba moteri ya mazutu ya lita 4.2 isiyo na turbo. Ina farasi karibu 130 kwa gari la zaidi ya tani mbili, na anayeiendesha kwa mara ya kwanza kwenye lami huona kama analima. Ukikanyaga, inafikiri kwanza. Ukitaka kupita lori, unaanza kuomba Mungu mapema. Lakini nguvu yake yote inapatikana chini, moteri ikizunguka polepole, mara 2,200 hivi kwa dakika, na ikiwekwa kwenye vitesi vifupi inapanda na watu kumi na mzigo wao bila kulia. Haina kitu cha kuharibika haraka, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Mwaka huohuo wa 1994, huko Japani, Toyota ilitoa gari la namna nyingine kabisa: RAV4. Halikujengwa juu ya chuma kizito kama Land Cruiser. Lilijengwa kama gari dogo la mjini, likainuliwa, likapewa tairi nne zenye kuvuta. Moteri yake ilikuwa ya esansi, lita 2, farasi karibu 135. Yaani farasi zile zile za Land Cruiser ya shirika, au zaidi kidogo, ndani ya gari lenye uzito wa karibu nusu yake. Hata ukiondoa zile zinazopotea kwa sababu ya mwinuko wa Bukavu, mtu aliyezoea kuomba Mungu kwenye kilima akikanyaga RAV4 anasikia mgongo wake ukisukumwa kwenye kiti. Usukani unaitika mara moja. Kwenye kona za Muhumba linageuka kama mtu anayejua njia ya kwao.

RAV4 zilifika Bukavu zikiwa zimetumika tayari, miaka mingi baada ya kutoka kiwandani, kupitia Dubai na bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Nyingi zilikuwa na usukani upande wa kuume, kwa sababu Japani wanaendesha kushoto, na Congo tunaendesha kuume. Ndiyo maana abiria wa mbele mjini Bukavu ana kazi: yeye ndiye anayechungulia na kusema pita au ngoja. Watu walizilalamikia, tena wakazinunua. Mfanyabiashara wa Kadutu, daktari, mwalimu wa chuo kikuu, mama anayefanya biashara ya vitambaa: kwa hao, hii ilikuwa jeep ya kwanza iliyoingia katika familia bila bendera mlangoni na bila herufi za shirika. Hilo lina uzito wake katika historia ya mji huu, na halionekani kwenye karatasi ya hesabu ya farasi.

Prado ilikaa katikati. Iliyotoka mwaka 1996 na ile ya mwaka 2002 zilijengwa juu ya chuma kama Land Cruiser lakini ndogo kuliko kaka zao wakubwa, zenye vitesi vifupi vya mlimani, na nyingi za zile za mazutu zikiwa na turbo. Turbo ni pampu inayosukuma hewa ndani ya moteri, kwa hiyo mwinuko hauiumizi sana. Inachelewa kidogo unapokanyaga, kisha inakuja yote kwa pamoja. Kwa milima ya Bukavu, kati ya zote hizi, hiyo ndiyo jeep ya kutegemewa zaidi. Bei yake inajua hivyo.

Mwezi wa sita mwaka 2021 neno jeep lilirudi kwenye midomo ya watu kwa sababu nyingine. Wabunge wa taifa mjini Kinshasa walipewa jeep mpya za Hyundai Palisade, na maneno yakawa mengi nchini kote. Palisade ina urefu wa karibu mita tano, na moteri yake ya lita 3.8 katika soko la Marekani ilitoa farasi 291, mara mbili na zaidi ya Land Cruiser ya hospitali. Kwenye lami ni gari tamu, hakuna haja ya kukataa. Lakini halina vitesi vifupi, na tumbo lake liko karibu na ardhi kwa barabara kama ya Shabunda. Watu wa Kivu hawakuuliza lina farasi ngapi. Waliuliza kama mbunge atafika nalo kwa waliomchagua.

Kisha ukaja mwezi wa pili mwaka 2025. M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, halafu wakaingia mjini. Familia nyingi zilishika njia ya kusini, barabara ya taifa namba 5, kupitia Nyangezi na mlima wa Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira. Wengi walikwenda kwa miguu, wengine kwa pikipiki, wengine wakiwa wamebanana ndani ya magari.

Siku za amani, wenye karatasi na pesa hupendelea kuzunguka kupitia Rwanda, Kamembe hadi Bugarama, kwa sababu ya lami. Ngomo ni nyembamba, ukuta upande mmoja na bonde upande mwingine, na lori moja likikwama, jeep yenye nguvu kuliko zote inasubiri nyuma yake kama baiskeli. Tena hapo kazi kubwa si kupanda. Ni kushuka. RAV4 ya otomatiki iliyojaa watu, magodoro juu, ikiachwa iteremke kwa breki peke yake, breki hupata moto na mguu huanza kuzama. Mashofere wa njia ile wanajua kuweka kitesi cha chini tangu juu, kuiacha moteri ishike gari, na kusimama kupoza hata kama nyuma wanapiga kelele. Hapo usukani wa kuume, uliolaaniwa miaka yote, una faida: anayeshuka hukaa upande wa ukingo wa barabara na anaona tairi lake linakanyaga wapi.

Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 700 chini ya Bukavu. Hewa kule ni nzito na joto ni kali. Gari lisilo na turbo lililoshuka salama hurudishiwa karibu nusu ya nguvu lililopoteza juu. Kwenye uwanda wa Ruzizi, watu wakiwa wale wale na mzigo ule ule, linavuta kuliko lilivyowahi kuvuta nyumbani.